Nimepanda miche ya nyanya ya kubebesha kwenye shamba lenye mnyauko: nyota 3 na nusu kati ya 5

Kwanza bei, maana ndilo swali la kwanza kila ninapomwonyesha mtu shamba: shilingi 900 kwa mche mmoja, oda isipungue miche 100, nusu ya pesa mbele. Mche wa kawaida wa mbegu chotara ileile, kitaluni hapohapo, ni shilingi 200. Nilichukua 300 ya kubebesha na 100 ya kawaida, nikalipa laki mbili na elfu tisini. Mume wangu alipoiona risiti alikaa kimya, kisha akauliza kama nyanya zenyewe zitajipeleka sokoni Tengeru.

Kubebesha nyanya ni kazi ileile inayofanywa kwenye mwembe na parachichi, ila hapa fundi anashughulika na vishina vyenye unene wa njiti ya kiberiti. Chini unakaa mche wa bilinganya, au wa nyanya fulani ngumu ambayo mezani haina maana. Juu kinawekwa kikonyo cha nyanya unayoitaka. Vinakatwa mshazari, vinakutanishwa, vinabanwa kwa klipu ndogo ya silikoni, kisha trei inafungiwa kwenye kibanda chenye giza na unyevu karibu wiki nzima mpaka kidonda kishike. Mizizi ni ya mmoja, matunda ni ya mwingine.

Kilichonipeleka huko ni kona moja ya shamba langu huku Arumeru, chini ya tangi la maji, ambayo nyumbani tunaiita makaburini. Misimu mitatu mfululizo nyanya zimefia pale kwa namna moja. Saa saba mchana majani ya juu yanalegea yakiwa bado kijani kibichi kabisa. Jioni mche unajiinua kama vile ulisingiziwa. Kesho yake unalegea tena, na siku ya tatu au ya nne hauamki. Hauna doa, hauna umanjano, hauna alama ya kiwavi wa kantangaze. Babu jirani yangu anaamini kuna kitu kilizikwa pale.

Kitu kipo kweli, na kukiona hakuhitaji mganga. Kata shina la mche uliolegea, karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe zikishuka kutoka kwenye kidonda, kama maziwa yanayomwagwa na mtu asiye na haraka. Huo ni umati wa bakteria na ute wao, ule ute unaoziba mirija ya maji ya mmea. Maji yakibaki maangavu, tafuta mchawi mwingine: kuvu aitwaye fuzari, sota mkata mashina, au wewe mwenyewe na mbolea yako. Glasi yangu ilitoa maziwa. Babu alisimama akaitazama muda mrefu, akasema, "Mama, hiyo glasi usije ukanywea chai."

Jina lake ni Ralstonia solanacearum. Mmarekani Erwin Smith alimwandika mwaka 1896 kwa jina jingine, na hili la Ralstonia amelipata mwaka 1995. Anachouguza si nyanya peke yake: viazi mviringo, bilinganya, pilipili, tumbaku, tangawizi, jumla zaidi ya aina 200 za mimea. Msimu wa kwanza duka moja la pembejeo liliniuzia dawa ya kopa, yaani shaba. Kopa ina kazi yake kwenye madoa ya majani, lakini huyu anaishi kwenye udongo na ndani ya mirija, kwa hiyo nilichofanya ni kumpaka mgonjwa wa tumbo dawa ya mba. Msimu wa pili nikauziwa ya bei zaidi. Ya tatu sikuinunua.

Basi nikaenda kitaluni. Kwa usafi nawapa alama zote. Mlangoni kuna beseni la dawa ya kukanyaga, nyembe zinachovywa kwenye maji ya jik kati ya trei na trei, wasichana wanaobebesha wamefunga vitambaa kichwani na hakuna anayechezea simu. Miche yangu ilitoka siku waliyoahidi, na kati ya 300 niliikataa 4 tu ambayo kiungo kilikuwa bado kinayumba. Walinibadilishia bila maneno.

Kwenye maneno ya kijana aliyenikabidhi miche ndipo penye matatizo.

"Shikamoo mama. Hii ndiyo ile miche yenyewe. Haiugui."

"Marahaba. Haiugui nini, mwanangu?"

"Haiugui chochote."

"Chini mmeweka nini?"

"Chini kuna mzizi wa dawa, mama."

Nilimuuliza mara tatu, kwa sauti ya chini na ya juu, akaendelea na mzizi wa dawa. Kibandiko cha trei kilikuwa na jina la nyanya ya juu kwa herufi kubwa, na chini ya hapo namba ya simu. Mzizi haukutajwa popote. Ilibidi nimpigie mwenye kitalu siku iliyofuata ndipo nikaambiwa ni bilinganya ya EG203, aina iliyotolewa na Kituo cha Mboga cha Dunia kilichoko Taiwan, ambacho ofisi yake ya kanda iko hapahapa Arusha tangu mwaka 1992. Jibu zuri kabisa, la kujivunia. Sasa kwa nini alifiche?

Nieleze kwa nini swali hili nalishikilia kuliko bei. Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi sanifu wa maabara, na wakati mmoja nilipelekwa mafunzoni miezi mitatu Toulouse, Ufaransa, ambako watu wamemchunguza bakteria huyu kwa miongo kadhaa. Siku ya pili tu tulipewa jani la tumbaku na bomba mbili za sindano zisizo na sindano. Kwenye bomba moja kulikuwa na bakteria wa kundi liitwalo GMI1000, aliyetolewa kwenye nyanya huko Guyana ya Ufaransa. Kwenye ya pili alikuwamo huyohuyo, ila jeni yake moja imevunjwa. Unabonyeza mdomo wa bomba chini ya jani, maji yanaingia kati ya seli, unazungushia duara kwa maka peni, unakwenda kulala. Kesho yake duara la kwanza lilikuwa limekufa, limesinyaa kama karatasi iliyounguzwa na pasi. Duara la pili lilikuwa kijani, kama vile hatukuligusa.

Tukarudia kwenye nyanya, kwa kumwagilia kwenye mizizi. Miche iliyonyweshwa bakteria mzima ililala kabla wiki mbili hazijaisha. Iliyonyweshwa yule aliyevunjwa jeni ilisimama mpaka mafunzo yakaisha, na mmoja ulitoa maua.

Ni bakteria yuleyule, mwenye njaa ileile. Alichokosa ni mojawapo ya jeni ziitwazo hrp, na jeni hizo nyingi kazi yake ni moja: kujenga sindano. Bakteria anapogusa seli ya mmea anaota kijibomba chembamba, kirefu kuliko mwili wake mwenyewe, kwa sababu ukuta wa seli ya mmea ni mnene, na kupitia hapo anapeleka protini zake ndani. Wataalamu wanauita mfumo wa utoaji wa aina ya 3. Bakteria wa tauni anao wa kwake, wa homa ya matumbo pia anao. Huyu wetu wa nyanya anao kwa ajili ya nyanya.

Herufi hrp zilianzia kwenye maharage. Mwaka 1986 watafiti Marekani waliokuwa wakishughulika na bakteria anayeleta madoa yenye duara la njano kwenye majani ya maharage walikuta kwamba ukivunja sehemu fulani ya jeni zake, mambo mawili yanakufa pamoja: hawezi tena kuuguza maharage, na hawezi tena kusababisha tumbaku iunguze sehemu iliyoguswa. Mwaka uliofuata kundi la Christian Boucher, hukohuko Toulouse, lilionyesha kwamba bakteria wa mnyauko naye yuko hivyohivyo na kwamba jeni hizo zimekaa pamoja, kama vyumba vya nyumba moja. Mwaka 2002 jenomu yake yote, yaani jumla ya jeni zake, ikachapishwa. Ana vipande viwili vikubwa vya kurithi, na nyumba hiyo ya sindano iko kwenye kipande kidogo.

Hilo la tumbaku huwachanganya watu, na mimi lilinichanganya. Mbona jani lililokufa ni la mmea usiougua? Kwa sababu tumbaku ile iliitambua protini iliyodungwa, ikaamua kuichoma sehemu yake yenyewe ili adui asipite. Ni kama kukata kidole kuokoa mkono. Nyanya ya kawaida haitambui, inampokea mgeni, inalala. Kwa hiyo sindano ileile inaweza kuwa silaha ya bakteria au kengele ya mmea, kutegemea nani amedungwa na amedungwa nini.

Na vinavyodungwa ni vingi. GMI1000 peke yake ana aina kama 70 za protini hizo, ambazo wataalamu huziita ifekta. Yule maarufu anayeshika majani ya nyanya, Pseudomonas syringae, ana karibu nusu ya hizo. Ukiondoa ifekta moja moja mara nyingi hauoni tofauti kubwa, maana nyingine zinashika zamu. Ukiondoa sindano, zote 70 zinabaki mfukoni. Kuna moja inaitwa RipAY ambayo mpaka leo nikiikumbuka natikisa kichwa: kazi yake ni kuharibu glutathioni, kitu ambacho mmea hukitumia kujikinga, lakini ndani ya bakteria imelala, haimdhuru mwenyewe. Inaamshwa na protini ya mmea. Mwizi anakuja na panga butu, analinoa kwa jiwe la mwenye nyumba.

Jambo jingine ni kwamba jeni za sindano hazikai zimewaka muda wote. Ukimlisha bakteria vizuri kwenye chupa ya maabara anazizima. Akibanwa chakula, na zaidi akigusa ukuta wa seli ya mmea, habari inapita kutoka ngozi yake ya nje, protini moja inaipasia nyingine, mpaka inamfikia msimamizi aitwaye HrpB ambaye anawasha ujenzi. Ndiyo maana mtu anayekuuzia kitu kwa kukuonyesha kimeua bakteria kwenye sahani ya maabara amekuonyesha bakteria aliyeshiba na aliyelala. Shambani ni mwingine.

Sindano siyo mlango pekee. Ana mfumo mwingine, wa aina ya 2, ambao haudungi chochote. Wenyewe unamwaga nje vimeng'enya vya kuyeyusha kuta za mmea, pektini na selulosi, ili apite kwenye mizizi hadi kwenye mirija. Watafiti waliwahi kumtengeneza bakteria aliyenyang'anywa vimeng'enya sita kwa mpigo, akadhoofika. Kisha wakamtengeneza mwingine ambaye mlango wenyewe wa aina ya 2 umezibwa, akadhoofika zaidi. Maana yake mlangoni hapo hupita vitu vingine vyenye madhara zaidi ya hivyo sita. Napenda majaribio ya namna hiyo: unahesabu mizigo ya mwizi kwa kuona alivyokonda.

Sasa turudi kitaluni kwa kijana wa "haiugui chochote".

Mzizi unaohimili mnyauko hauhimili kwa miujiza. Kuna bilinganya iitwayo AG91-25, si hii niliyouziwa, ambayo siri yake imeshafunuliwa: inaitambua ifekta moja tu, RipAX2, na inapoiona inapigana. Bakteria mwenye RipAX2 anakwama. Watafiti wakaiondoa jeni hiyo kwa bakteria huyohuyo, na bilinganya ikanyauka. Yaani bakteria anaweza kuwa hatari zaidi kwa kupoteza kitu. Kwenye nyanya ya Hawaii 7996, ambayo nayo hutumika sana kama mzizi, uhimilivu umetawanyika sehemu kadhaa za kurithi, kubwa zikiwa kwenye kromosomu ya 6 na ya 12, na hazifanyi kazi sawa kwa kila kundi la bakteria. Na makundi ni mengi. Lipo ambalo asili yake inaonekana ni Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi, yapo ya Asia, yapo ya Amerika yaliyosafiri na viazi. Kwa hiyo mche "hauugui" bakteria fulani, mahali fulani, udongo ukiwa na joto fulani. Mkulima akijua mzizi ni EG203 na umekufa shambani kwake, msimu ujao atajaribu mwingine. Akiambiwa ni mzizi wa dawa, atasema kubebesha ni utapeli na kuwaambia kijiji kizima.

Haya, shambani. Nilipanda mwanzoni mwa Machi, joto lipo na mvua zinakaribia, hali ambayo mnyauko unaipenda. Miche yote 400 nikaiweka makaburini, mistari ya kubebesha na ya kawaida ikipishana.

Hapa kuna lawama ya pili, na hii imenigharimu. Karatasi ya maelekezo waliyonipa ilisema "panda kwa kina ili mche ushike vizuri". Ni ushauri sahihi kwa nyanya ya kawaida, maana shina lake likifukiwa linaota mizizi. Kwa mche wa kubebesha ni kuukaribisha msiba. Kiungo kikifukiwa, nyanya ya juu inaota mizizi yake yenyewe, inashuka kwenye udongo uleule, na ile bilinganya uliyolipia shilingi 700 za ziada inabaki pambo. Kijana wangu wa kazi aliifuata karatasi kwa uaminifu kwenye mistari miwili ya mwanzo, miche 38, kabla sijarudi kutoka msibani Moshi. Iliyobaki nilisimamia mwenyewe, kiungo kikiwa vidole viwili juu ya ardhi, na wakati wa palizi nikapiga marufuku kuinulia udongo.

Wiki ya tisa nilihesabu. Ya kawaida 100: imekufa 81. Ya kubebesha 300: imekufa 31. Kati ya hiyo 31, 22 ilikuwa ya ile mistari miwili iliyofukiwa, na kila mmoja niliong'oa ulikuwa na mizizi myeupe mipya imetoka juu ya kiungo. Mitatu ilikatwa na sota. Sita iliyobaki ilipandwa sawasawa, haikuota mizizi ya juu, na ikanyauka tu. Niliipima kwenye glasi, ikatoa maziwa. Sita kati ya mia mbili na sitini na kitu ni wachache mno wa kumfanya mtu alalamike, ila wanatosha kumfanya afute neno "chochote".

Angalieni pia machipukizi. Bilinganya ya chini haijakubali kuwa mtumwa, inachipua chini ya kiungo kila wiki mbili, lazima uyanyofoe. Mmoja uliniponyoka nyuma ya tangi. Ulitoa ua la zambarau katikati ya nyanya, mjukuu wangu akaja mbio kuniambia nyanya imekosea.

Mavuno yalianza kama wiki moja nyuma ya ile ya kawaida iliyopona. Mche kwa mche sikuona kwamba unazaa zaidi. Ladha ni ileile, ngozi ileile. Faida yote ni kwamba ulikuwa hai. Nilitoa tenga 19 kutoka mahali ambapo msimu uliopita nilitoa ndoo, na kwa kuwa ilikuwa masika bei ilicheza kati ya elfu 30 na elfu 45 kwa tenga. Mume wangu hakuuliza tena habari ya usafiri.

Kitalu kina huduma ya ziada: ukiona mche unalegea wanakuja kupima kwa kikaratasi, kama kile cha malaria, shilingi 15,000. Niliwaita ili nione. Walifika baada ya siku tano, na kwa mnyauko siku tano ni mazishi na arobaini. Kipimo chenyewe ni safi: wanasaga kipande cha shina kwenye mfuko wenye maji ya dawa, wanachovya, mstari wa pili unajitokeza hata chai haijapoa. Lakini kinajibu swali moja tu, kwamba yupo. Hakisemi ni wa kundi gani wala ana ifekta zipi. Hata yule wa Toulouse aliyevunjwa sindano, asiyeweza kuangusha mche, angeuwasha mstari. Kwa mkulima anayetaka kujua kama ni bakteria au fuzari, glasi ya maji inatosha na ni ya bure. Hiyo huduma msilipie, labda kama mnasafirisha miche au mbegu ya viazi na mnahitaji ushahidi kabla dalili hazijaonekana.

Na msijidanganye kwamba mche uliosimama hauna kitu. Mwisho wa msimu nilikata mashina 10 mazima, yenye afya, yaliyozaa vizuri, nikayaning'iniza kwa kukata sehemu ya bilinganya chini ya kiungo. Matatu yalitoa uzi mwembamba. Bakteria alikuwa ndani, anaishi, amezuiwa tu asifurike. Ina maana makaburini bado ni makaburini. Maji yanayotiririka kutoka pale sikuyaelekeza kwenye pilipili, jembe na visu navichovya kwenye jik, na masalia niliyachoma, sikuyapeleka kwenye mboji. Kitalu hakikuniambia lolote katika hayo. Karatasi yao ina nafasi ya picha kubwa ya nyanya nyekundu, wangeipunguza.

Nani anunue? Mwenye eneo ambalo glasi imeshatoa maziwa na hana pa kuhamia. Mwenye nafasi, alime mahindi pale misimu kadhaa, ni rahisi zaidi, ingawa huyu mdudu ni mvumilivu na magugu ya jamii ya mnavu humhifadhi, kwa hiyo palizi iwe ya kweli. Mwenye tatizo la bakajani au kantangaze asipoteze pesa: mzizi haupandi majani. Wa udongo safi naye anunue ya 200 ale na watoto wake.

Nyota 3 na nusu. Nusu nimekata kwa siku tano za kungoja, nusu kwa kibandiko kisichotaja mzizi, na nusu kwa ile karatasi ya "panda kwa kina".

Juzi nimeagiza tena, 250, kikonyo kilekile. Nimemwomba mwenye kitalu aandike jina la mzizi ubavuni mwa kila trei kwa maka peni. Amenijibu WhatsApp: "Sawa mama, ila wateja wengine wakisikia bilinganya watakimbia." Nimemwambia awatume kwangu, waonje.